Majina ya Watakatifu Yalitoka Wapi

Mzazi akipeleka mtoto kubatizwa kwa jina la ukoo, bado huulizwa: na jina la Kikristo je? Swali hilo linadhani yapo majina yaliyozaliwa matakatifu, na orodha ya watakatifu yenyewe inalikataa. Isidori maana yake ni zawadi ya Isis, mungu mke wa Misri ya kale. Martini linatokana na Mars, mungu wa vita wa Warumi. Apolinari, linalosikika katika parokia nyingi za Tanzania, ni la Apollo wa Wagiriki. Wakristo wa kwanza waliitwa hivyo na wazazi wao, wakabatizwa, wakafa nayo, na Kanisa halikuona haja ya kuyasafisha.

Uganda jambo hilo lilitokea tena, karibu nasi zaidi. Katika dini ya jadi ya Baganda, Mukasa ndiye lubaale, yaani mungu, wa ziwa kuu, Kibuka wa vita, Kiwanuka wa radi. Miongoni mwa mashahidi 22 wa imani wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, wamo Yosefu Mukasa, Ambrosi Kibuka na Akile Kiwanuka. Wengine hawana hata hilo jina la mbele la kigeni. Kizito, kijana mdogo wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alibatizwa Munyonyo Mei 1886 na Karoli Lwanga, shahidi mwenzake, akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni akiwa Kizito tu. Mukasa Kiriwawanvu alikufa kabla hajabatizwa kwa maji; naye yumo katika orodha.

Wapo watakaosema jina la mtakatifu humpa mtoto msimamizi na mfano wa kuiga. Ni hoja nzito, na ndiyo maana sheria ya Kanisa ya 1917 iliagiza kwamba wazazi wakikataa jina la Kikristo, padri aongeze la mtakatifu na kuyaandika yote mawili. Lakini sheria ya 1983, kanuni ya 855, inadai tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Mabadiliko hayo nayaona ya haki kabisa, maana mwaka 1886 hapakuwa na Mtakatifu Kizito wa kumsimamia Kizito, na leo watoto wa Afrika Mashariki wanabatizwa kwa jina lake.