Milisekunde 30 za Kushoto na Kulia

Umekaa mbele ya kompyuta. Katikati ya kioo inatokea namba: 8. Ikiwa ni shufwa unabonyeza kitufe cha kulia, ikiwa ni witiri unabonyeza cha kushoto. Hujaulizwa kama ni kubwa au ndogo. Unajibu kwa milisekunde 500 hivi, yaani nusu sekunde. Baadaye sheria inageuzwa, shufwa iwe kushoto, na 8 inarudi. Safari hii unachelewa kidogo. Ikija 2, mambo ni kinyume: kitufe cha kushoto ndicho kinachowahi.

Stanislas Dehaene, Serge Bossini na Pascal Giraux walilieleza jambo hili mwaka 1993, kwa majaribio waliyofanya Ufaransa. Kwa namba ndogo kabisa na kubwa kabisa, tofauti kati ya vitufe viwili huwa kama milisekunde 20 hadi 30. Kupepesa jicho mara moja huchukua zaidi ya 100. Hata washiriki walipokunja mikono, wa kulia ukawa juu ya kitufe cha kushoto, namba ndogo ziliendelea kupendelea kushoto. Kumbe kinachohesabika ni upande wenyewe. Wala upande huo haukuandikwa kwenye namba: 4 na 5 zilivutwa kulia zilipokuwa kubwa katika orodha ya 0 hadi 5, zikavutwa kushoto zilipokuwa ndogo katika ile ya 4 hadi 9.

Kuziona milisekunde hizo ni kazi ya gharama. Majibu ya mtu mmoja hayalingani, hili litakuwa 430, linalofuata 610. Tuchukue kwamba yanatawanyika kwa milisekunde 100 kuzunguka wastani wake. Ukikusanya majibu 25, wastani wako una shaka ya milisekunde 20, karibu sawa na kitu chenyewe unachokitafuta. Kwa majibu 100 shaka inashuka hadi 10, kwa 400 hadi 5. Kila unapotaka kuipunguza shaka kwa nusu, unalipa majibu mara nne. Na vyombo navyo vina mipaka yake: kioo kinachojichora upya mara 60 kwa sekunde hubadilika kila milisekunde 16.7, na kibodi nyingi za kawaida huulizwa na kompyuta kila baada ya 8.

Asiyelipa gharama hiyo hudanganyika. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba kuiona tu namba katikati ya kioo kunauhamisha umakini wa mtu kushoto au kulia. Wazo lilipendwa sana. Mwaka 2020 maabara 17 zililirudia kwa washiriki 1,105, na kilichobaki kilikuwa kama milisekunde 1, au pungufu. Naona hizo zilikuwa saa za kazi zilizotumika vizuri kabisa.

Lile la 1993 limesimama, ila mwelekeo wake hutegemea macho yamezoea kusoma wapi. Mwaka 2009 Samuel Shaki, Martin Fischer na William Petrusic waliwalinganisha Wakanada, Wapalestina wanaosoma maneno na tarakimu za Kiarabu kutoka kulia, na Waisraeli wanaosoma maneno kutoka kulia lakini namba kutoka kushoto. Kwa Wakanada ndogo zilikuwa kushoto, kwa Wapalestina zilikuwa kulia, na kwa Waisraeli upande haukujitokeza.

Hapo namfikiria mtoto wa Lamu au Unguja, asubuhi shuleni akisoma kutoka kushoto, jioni madrasani akisoma Kiarabu kutoka kulia. Na kuna saa ya ukutani. Mwaka 1998 Daniel Bächtold na wenzake waliwaambia washiriki waziwaze namba kama nyakati kwenye uso wa saa, na mwelekeo ukageuka: ndogo zikawahi kulia, kwa kuwa 1 hadi 5 ziko upande huo. Sisi tunautazama uso uleule tukiutaja vingine. Mshale mfupi ukigusa 7, chini kushoto, tunasema saa moja. Ukifika 11, juu kushoto, ni saa tano. Kulia ndiko ziliko saa saba hadi saa kumi na moja. Kwa Kiswahili, basi, saa ndogo zinakaa kushoto, ingawa kiwandani namba ndogo zimechapwa kulia. Anayesikia “saa mbili” anauona mshale kwenye 2 au kwenye 8?

Swali hilo linapimika. Saa moja hadi saa kumi na moja, ukiiacha saa sita, ni saa 10. Kila moja irudiwe mara 20 kwa kila sheria ya vitufe, ni majibu 400 kwa mtu. Kwa sekunde 2.5 kila jibu pamoja na nafasi ya kupumua, ni dakika 17. Watu 40 ni kama saa 11 za kazi, kompyuta moja, na chumba ambacho mlango wake unafungika.