Siagi Tamu ya Viungo: Mbinga Inaganda, Mbamba Bay Inayeyuka

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi tunapopotea. Kile unachopaka kwenye mkate pale geto ukakiita siagi, mara nyingi si siagi. Blue Band ni majarini, na majarini hutengenezwa kwa mafuta ya mimea. Sina ugomvi nayo, nimekua nayo kama wewe. Ila siagi yenyewe ni mafuta ya maziwa, basi. Haihitaji kiwanda. Inahitaji maziwa, ubaridi na mkono usiochoka haraka, na ukishaipata unaitia asali, mdalasini na iliki, unapaka kwenye chapati, kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha.

Mimi nimejifunzia kwa shangazi yangu huko Mbinga. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, analishwa majani ya tembo bandani. Maziwa ya asubuhi yana wateja wake. Ya jioni ndiyo shida: mteja wa jioni ni wa kubahatisha na friji hatuna. Wakati hela ya kahawa ipo mikononi, watu wananunua. Hela ikikata, lita tatu nne zinabaki kila jioni, zinagandishwa kuwa mtindi, na mtindi ukizidi unagawiwa majirani bure. Wakati huohuo binamu yangu anadai madaftari. Kwa hiyo siagi kwetu haikuanza kama mapishi ya starehe, ilianza kama namna ya kutoyamwaga maziwa. Na nikueleze mapema: kama maziwa yako yote yana mnunuzi, uza maziwa. Lita nne zinatoa siagi ya gramu 100 hivi, ukibahatika zaidi kidogo, haiwezi kushinda bei ya lita nne. Faida ipo kwenye yale ambayo yangepotea, na pia maziwa yanayobaki baada ya kutoa mafuta bado ni ya chai.

Sasa kazi yenyewe. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta kama asilimia 4, yamo ndani kama vitone vidogo mno, kila kimoja kimevikwa ngozi nyembamba inayokizuia kuungana na mwenzake. Mafuta ni mepesi kuliko maji, hivyo ukiyaacha maziwa yatulie kwenye sufuria pana usiku kucha, vitone vinapanda juu na kufanya tabaka zito la rangi ya maziwa yaliyokolea. Hayo ndiyo malai, wengine wanasema krimu. Unayaengua asubuhi na mapema kwa upawa, kabla maziwa hayajaanza kuchachuka.

Hapa kuna jambo linalochanganya watu. Ukiyachemsha maziwa kwanza ndipo uyalaze, malai yanapanda kidogo tu. Kwenye maziwa mabichi kuna protini zinazovishikanisha vitone kuwa mafungu, na fungu hupanda haraka kuliko kitone kimoja. Moto unaziharibu protini hizo. Kwa hiyo sisi tunalaza mabichi, tunaengua malai, halafu malai tunayachemsha peke yake huku tukikoroga, na yale maziwa ya chini tunayachemsha kwenye sufuria nyingine.

Kuchemsha huko usikuruke. Najua kuna watakaosema bibi zetu walikunywa mabichi na wakazeeka. Jirani yetu alikuwa na homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma, akatibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena. Ilipita miezi ndipo akapimwa kwingine na kuambiwa ni brusela, ugonjwa ule ule unaofanya ng'ombe watupe mimba. Unapita kwenye maziwa mabichi, na siagi ya malai mabichi inaubeba vizuri tu. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho kinapita njia hiyo. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima kabisa. Malai yakichemka, hofu hiyo imekwisha.

Yakishachemka, weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, kisha yaache yapoe saa kadhaa, usiku mzima ikiwezekana, ili mafuta yagande ndani ya vitone. Halafu mimina kwenye chupa au ndoo ndogo yenye mfuniko, isizidi nusu, anza kusukasuka. Zamani ilikuwa kibuyu, kanuni ni ile ile: vitone vinagongana, ngozi inapasuka, mafuta yananatana. Kwanza yatakuwa mazito kama povu na utahisi hakuna kinachotembea. Usikate tamaa wala usifungue kila dakika ("wewe mwalimu mtarajiwa, acha kufunguafungua hiyo chupa," shangazi huniambia). Ghafla utasikia sauti imebadilika, kitu kinadunda ndani na majimaji yanachapachapa. Ndo hiyo.

Joto ndilo linaloamua kila kitu. Malai yakiwa kwenye nyuzi 12 hadi 15 za sentigredi, siagi hushika vizuri. Yakiwa ya moto, mafuta yanakuwa uji. Safu za Umatengo zinafika karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa saba asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. Yaani mazingira yenyewe ni friji.

Chuja, kisha ioshe siagi kwa maji baridi yaliyochemshwa, ukiifinya kwa mwiko, mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe kabisa. Watu wavivu wanaacha hatua hii halafu wanalalamika siagi imenuka siku ya pili. Kinachonuka ni mabaki ya maziwa yaliyofichika ndani yake.

Kwa gramu 100, natia vijiko viwili vya chakula vya asali, nusu kijiko cha chai cha mdalasini wa unga, punje za iliki za maganda manne zilizotwangwa, kungumanga kidogo la kukwaruza na chumvi kiasi cha ncha ya kisu. Karafuu moja inatosha, mbili zitakumbusha dawa ya meno. Viungo vikaushe kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka vinukie. Harufu yake huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, ndiyo maana siagi iliyolala na viungo usiku mmoja inanukia kuliko ya saa ile. Sukari sishauri, haiyeyuki kwenye mafuta, utatafuna mchanga. Asali nayo ina maji, iingize kidogokidogo kwenye siagi laini huku ukipiga, la sivyo inajitenga.

Ukishuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, barabara ya kama kilomita 66, mambo yanageuka. Ziwa Nyasa liko mita kama 475 tu. Shangazi alimpelekea dada yake wa Mbamba Bay kopo la siagi yetu na ilifika ikiwa mchuzi. Siagi inalainika mapema na nyuzi 32 hadi 35 inayeyuka kabisa. Mama mdogo hakuhangaika, aliibandika jikoni siagi iliyofuata, ile isiyo na asali, ikachemka taratibu mpaka povu likaisha na masalia ya chini yakawa kahawia, akachuja. Hiyo ni samli: maji yameondoka, masalia ya maziwa yameondoka, kwa hiyo inakaa miezi bila friji. Viungo anavitia vizima wakati inachemka. Asali haitii humo, itazama chini. Anaimimina mezani juu ya muhogo wa moto.

Wala si ugeni. Haluwa ya Zanzibar ina samli, iliki na kungumanga. Ethiopia wana niter kibbeh, samli ya viungo wanayopikia mchuzi, na Ankole nchini Uganda samli ndiyo msingi wa eshabwe. Tamu ya kupaka, ndiyo hii ya kwetu.

Kwa mliopo kampasi: msihangaike na maziwa ya pakiti. Mengi yake kiwandani vitone vimepasuliwa vikawa vidogo sana ili mafuta yasipande, utayalaza wiki nzima usipate malai. Mtafute muuza maziwa fresh, mchangie watu wanne lita nne, na chupa ya malai iwekeni kwenye maji yenye barafu kabla ya kusukasuka, maana joto la bweni ni kama la ziwani. Siagi yenye asali sisi hatuiweki zaidi ya siku nne tano, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja msimlambishe, asali ni hatari kwake. Shangazi sasa anauza ya vikopo kwa mwenye mgahawa mmoja, anayeitaka siku za gulio. Wiki iliyopita ameuliza kama naweza kumtumia kungumanga, kule limeadimika.