Majira ya Mvua na Utunzaji wa Nyasi za Gofu katika Nyanda za Juu za Kenya

Vitabu vingi vinavyofundisha utunzaji wa nyasi za viwanja vya gofu vimeandikwa Ulaya na Marekani, katika nchi ambazo mwaka hugawanywa na kupanda na kushuka kwa joto, na kwa sababu hiyo kalenda zake huanza na machipuko na kuishia katika theluji. Nairobi iko karibu na Ikweta, katika mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kutajika na baridi haifikii kuua nyasi, bali kinachotawala ukuaji ni maji: masika ya Machi hadi Mei, kipupwe cha mawingu cha Juni hadi Agosti, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na kiangazi cha Januari na Februari. Mtunzaji anayefuata kalenda ya kigeni bila kuipima kwa mvua za kwao hujeruhi nyasi wakati ambapo hazina nguvu ya kupona, na hakuna kosa linaloziharibu kuliko hilo.

Uwanja wa gofu hauna nyasi za namna moja. Tii ni jukwaa dogo ambapo mchezaji hupigia mpira wa kwanza, ferwei ni njia pana iliyokatwa vizuri kuelekea shimo, rafu ni nyasi ndefu za pembeni zinazomwadhibu aliyepotoka, na grini ni eneo laini linalolizunguka shimo lenyewe, ambapo mpira husukumwa uviringike badala ya kurushwa. Ferwei kwa kawaida hukatwa kwa urefu wa milimita 12 hadi 18, ilhali grini hukatwa kwa milimita 3 hadi 5 tu, karibu kila siku. Mmea hujitengenezea chakula kwa majani, na kuukata kwa kiwango hicho ni kuuacha uishi kwa akiba ndogo mno, kwa hiyo eneo la grini, ambalo ni sehemu ndogo sana ya uwanja mzima, ndilo linalomeza sehemu kubwa ya kazi, mchanga, mbolea na wasiwasi wa mtunzaji.

Ferwei nyingi za nyanda za juu zimefunikwa na nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni milima ya Afrika Mashariki na ambazo, baada ya kusambazwa duniani katika karne ya 20, leo zinapatikana hata katika ferwei za klabu ya Riviera mjini Los Angeles. Ni nyasi zenye mashina yanayotambaa juu ya ardhi na mengine yanayopita chini yake, kiasi kwamba jeraha hufunikwa upesi, lakini nguvu hiyohiyo huzifanya zivamie grini zisipodhibitiwa kwenye mipaka. Katika grini zenyewe hupandwa aina zenye majani membamba, na mojawapo ya zinazotumika sana ni ukoka ulioboreshwa, yaani mahuluti ya jamii ya Cynodon. Kikuyu na ukoka huhesabiwa katika kundi la nyasi za joto: hukua kwa kasi udongo unapokuwa na joto na unyevu kwa pamoja, na hupunguza mwendo mara moja kati ya hivyo viwili kinapokosekana.

Mwanzo wa masika ndio wakati ambapo vyote viwili hukutana, kwa kuwa udongo bado una joto la kiangazi na mvua za kwanza zimeshaingia. Hapo ndipo panapofaa kufanya kazi kubwa kuliko zote, ambayo ni kutoboa grini. Chini ya majani mabichi, juu kidogo ya udongo, hujikusanya tabaka la makapi, yaani mashina na mizizi iliyokufa ambayo haijaoza. Likiwa jembamba hulinda nyasi dhidi ya nyayo, lakini likinenepa hushika maji kama sifongo, mizizi ikakaa humo badala ya kushuka chini, na grini ikawa tepetepe wakati wa mvua na kavu isiyopitisha maji wakati wa jua. Mashine ya kutobolea ina misumari yenye uwazi ndani, ambayo huzama sentimita 5 hadi 10 na kung'oa vipande vya udongo pamoja na makapi. Vipande hivyo huzolewa, kisha mchanga mkavu uliochekechwa hutandazwa na kufagiwa mpaka matundu yajae, ili hewa, maji na mizizi vipate njia ya kushuka. Grini iliyotoka kutobolewa haipendezi machoni, na wanachama wa klabu hulalamika kwamba mpira unarukaruka, lakini katika joto na unyevu wa wakati huo matundu huzibwa na majani mapya baada ya wiki mbili au tatu. Kazi hiyohiyo ikifanywa Julai, matundu huweza kubaki wazi muda mrefu zaidi, huku magugu yakitafuta mahali pa kuota.

Mchanga unaotandazwa haupaswi kuwa mchanga wowote uliopatikana kwa bei nafuu. Grini za kisasa hujengwa kwa kanuni zilizochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960 na USGA, chama kinachosimamia gofu nchini Marekani, ambapo tabaka la sentimita 30 la mchanga uliopimwa huwekwa juu ya sentimita 10 za kokoto ili maji ya ziada yapenye na kutoka. Mchanga wenye vumbi la udongo ukitandazwa juu yake huziba vinyweleo vya tabaka zima, na kasoro hiyo haiondolewi kwa mbolea wala kwa dawa. Hesabu yake pia si ndogo: milimita moja ya mchanga juu ya grini yenye mita 500 za mraba ni nusu mita ya ujazo, na kwa grini 18 za ukubwa huo ni mita 9 za ujazo, ambazo lazima ziwe zimefika na kukauka ghalani kabla mvua haijaanza.

Aprili mvua inaposhika kasi, busara ni kuacha mengi. Matrekta hukandamiza udongo uliolowa, hasa udongo mweusi wa mfinyanzi wa upande wa kusini mwa Nairobi, na mbolea iliyomwagwa kabla ya mvua kubwa huishia mtoni, ambako hulisha magugu maji badala ya nyasi zilizokusudiwa. Ukataji, hata hivyo, hauwezi kusimama, kwa sababu kanuni ya kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja hubaki palepale: ferwei ya milimita 15 yapasa kukatwa kabla haijapita milimita 22, na katika masika urefu huo hufikiwa upesi. Ndicho pia kipindi cha viwavijeshi, ambao nondo wao huletwa na pepo, hushushwa na mvua na kutaga katika nyasi changa. Njia rahisi ya kuwagundua mapema ni kuchanganya vijiko viwili vya sabuni ya maji katika lita 4 za maji na kumwagia mita moja ya mraba. Viwavi waliojificha katika makapi hupanda juu baada ya dakika chache, na mtunzaji huamua kwa kuwahesabu, badala ya kupiga dawa uwanja mzima kwa hofu.

Kipupwe huonekana kuwa kipindi cha mapumziko, kwa vile usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12 za Selsiasi na nyasi za joto hukua polepole, lakini ndicho kipindi kinachohitaji macho makali zaidi. Mawingu hukaa hadi saa nne au saa tano asubuhi, umande haukauki, na jani linalokaa na maji kwa saa nyingi ni mwaliko kwa kuvu. Ugonjwa unaojulikana kwa madoa ya rangi ya majani makavu, kila doa likiwa na ukubwa wa sarafu, hutambulika alfajiri kwa nyuzi nyeupe nyembamba kama utando wa buibui juu ya majani, nyuzi ambazo hutoweka jua linapowaka, na kwa hiyo anayekagua grini saa sita mchana haoni chanzo, huona matokeo tu. Kabla ya kufikiria dawa ya kuvu, kuna kazi ya zamani inayofanywa na vibarua alfajiri: kupitisha mwanzi mrefu unaonesa juu ya grini, kushoto na kulia, hadi matone yote yaanguke. Kazi hiyo huonekana duni na hulipwa kwa uduni, ilhali huondoa saa kadhaa za unyevu ambazo kuvu huzihitaji, na klabu inayoipunguza ili kubana matumizi huweza kujikuta ikiilipia gharama hiyo katika madawa. Kupogoa mikaratusi na miti mingine inayozuia jua la asubuhi na upepo husaidia kwa namna hiyohiyo.

Ugonjwa huo hupenda nyasi zenye njaa ya naitrojeni, kirutubisho kinachojenga majani, hivyo kuzinyima chakula kabisa wakati wa baridi ni kosa sawa na kuzishibisha. Kiasi cha gramu 2 za naitrojeni kwa mita ya mraba hutosha kwa mlo mmoja mdogo. Kwa grini ya mita 500 za mraba ni kilo moja, inayopatikana katika karibu kilo 5 za salfeti ya amonia, mbolea yenye asilimia 21 ya naitrojeni.

Vuli hurudia masika kwa kipimo kidogo. Grini huweza kutobolewa tena Oktoba, kwa misumari myembamba zaidi, na ndago, gugu lenye viazi vidogo ardhini, hung'olewa kabla viazi havijaongezeka, kwa kuwa kukata majani yake pekee hakulipunguzi.

Kiangazi huleta mgongano ambao mtunzaji hana budi kuukabili. Mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967 na ambayo miaka ya karibuni yamechezwa Muthaiga na Karen, kwa kawaida huangukia Februari au Machi, na wachezaji wa kulipwa hutaka grini kavu na zenye kasi. Kasi hiyo hupimwa kwa kifaa kilichobuniwa na Mmarekani Edward Stimpson mwaka 1935, ambacho ni ufito wenye mfereji, usiofika mita moja kwa urefu, ambao huinuliwa mpaka mpira ujiachie wenyewe, kisha hupimwa umbali uliokwenda. Kadiri jani linavyokatwa chini ndivyo mpira unavyokwenda mbali, na ndivyo mizizi inavyofupika wakati ambapo maji ni haba. Grini inayopoteza milimita 5 za maji kwa siku huhitaji kurudishiwa lita 2,500 kwa kila mita 500 za mraba, na grini 18 huhitaji lita 45,000, ambazo hunyunyizwa alfajiri ili zisipotelee hewani na zisiache majani yamelowa usiku kucha. Ni afadhali kumwagilia kwa wingi na kwa nafasi, maji yafuate mizizi chini, kuliko kulowesha uso wa grini kidogo kidogo kila jioni. Uamuzi mgumu huja siku ya mwisho ya mashindano, ambapo klabu hutamani kuwaonjesha wanachama wake kasi ileile kwa wiki kadhaa zaidi. Mtunzaji anayejua kazi yake huinua kisu cha mashine kwa milimita moja kesho yake asubuhi, huongeza maji, na huagiza mashine ya kutobolea iwe tayari kabla ya mvua za kwanza za Machi.