Karamu ya Makaisari Watatu

Karamu ya Makaisari Watatu ni jina la chakula cha jioni kilichoandaliwa tarehe 7 Juni 1867 katika mkahawa wa Café Anglais mjini Paris, Ufaransa. Wageni walikuwa Tsar Alexander II wa Urusi, mwanawe aliyekuja kuwa Alexander III, mfalme Wilhelm I wa Prussia na waziri mkuu wake Otto von Bismarck. Mpishi alikuwa Adolphe Dugléré.

Jina hilo ni la baadaye. Mwaka 1867 mezani palikuwa na kaisari mmoja tu: Wilhelm alitangazwa Kaisari wa Ujerumani mwaka 1871, naye Alexander III alirithi kiti cha baba yake mwaka 1881. Wengine hudhani wa tatu ni Napoleon III wa Ufaransa, lakini yeye hakuwa miongoni mwa wageni.

Kwamba wakuu hao walikuwa Paris hakuna shaka, kwa kuwa walikuja kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia. Tarehe 6 Juni, siku moja kabla ya karamu, Mpolandi Antoni Berezowski alimfyatulia Tsar risasi akamkosa. Kuhusu chakula, ushahidi ni orodha ya vyakula na vinywaji, ambayo hutaja mvinyo wa Château Lafite wa mwaka 1848.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni kigumu kuthibitisha. Inasemekana Tsar alilalamika kwamba hakuletewa foie gras, yaani maini ya bata bukini aliyenoneshwa. Claudius Burdel wa Café Anglais akamjibu kwamba Wafaransa hawali chakula hicho mwezi Juni, kisha msimu ulipofika akawapelekea wageni wote watatu. Ni kweli kwamba foie gras ilikuwa chakula cha majira ya baridi, na haimo katika orodha. Lakini mtu aliyeiona orodha hiyo baadaye angeweza pia kubuni kisa ili kueleza pengo hilo.

Tena msimulizi wake mkuu ana faida ndani yake. Café Anglais ilifungwa mwaka 1913. André Terrail, mwenye mkahawa wa La Tour d'Argent, alikuwa amemwoa binti wa Burdel, na meza ya karamu ikahamia kwake. La Tour d'Argent imeionyesha meza hiyo kwa wateja wake, na huwauzia foie gras yenye jina la makaisari watatu.