Anayefagia uwanja ni mtumishi wa nani?

Ndugu msikilizaji, kila Jumamosi jioni vijana wetu hujazana mabaa na katika vibanda vya kuonyeshea mpira kutazama Ligi Kuu ya England. Majina ya wachezaji wanayajua kwa kichwa, na hata mishahara yao wanaijua: fulani analipwa pauni laki mbili kwa wiki, fulani laki tatu. Lakini ndani ya uwanja huo huo wapo watu ambao kamera haiwaonyeshi. Yupo anayefagia majukwaa mashabiki wakishaondoka, yupo anayekaanga chipsi, yupo anayesimama mlangoni kwenye baridi kali akikagua tiketi. Hao wanalipwa kiasi gani, na ni nani anayewalipa? Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki hii, na tutaona kuwa swali la pili ndilo lenye jibu la swali la kwanza.

Kwanza tuelewane juu ya sheria. Uingereza ilianza kutumia kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima Aprili 1999, wakati wa serikali ya Tony Blair. Siku ile mtu mzima aliwekewa pauni 3 na senti 60 kwa saa. Kufikia Aprili 2025 kima hicho kilikuwa pauni 12 na senti 21 kwa wenye umri wa miaka 21 na zaidi. Mwajiri akilipa chini ya hapo anavunja sheria.

Lakini kutovunja sheria ni jambo moja, na mfanyakazi kumudu maisha ni jambo jingine. Mwaka 2001, katika mitaa ya mashariki ya London, makanisa, misikiti, shule na vyama vya wafanyakazi waliungana kudai ujira mwingine, yaani ujira wa kutosha kuishi. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mzazi anafanya kazi mbili, asubuhi hapa na usiku kule, na bado kodi ya nyumba inampiga chenga, na watoto wake hawaoni. Ujira huo hukokotolewa kila mwaka kwa kuangalia bei ya chakula, kodi, nauli na gharama za watoto. Viwango vilivyotangazwa Oktoba 2024 vilikuwa pauni 12 na senti 60 kwa saa, na kwa London, ambako maisha ni ghali zaidi, pauni 13 na senti 85. Huu si wa sheria. Mwajiri anaulipa kwa hiari yake, na akitimiza masharti anapewa hati ya kutambuliwa.

Sasa turudi kwenye soka. Februari 2015 Ligi Kuu iliuza haki za kuonyesha mechi zake nchini Uingereza, kwa misimu mitatu kuanzia 2016, kwa zaidi ya pauni bilioni 5. Watu waliguna. Wakauliza, katika fedha zote hizo, mfagiaji atapata nini? Mwezi uliofuata Ligi ikajibu kwa ahadi: klabu zote zitawalipa watumishi wao wa kudumu wa kutwa ujira wa kutosha kuishi, kabla ya msimu wa 2016 kuanza.

Ahadi ilipokewa kwa makofi. Lakini hebu tuitazame tena, neno kwa neno: watumishi wao, wa kutwa. Mlinzi wa siku ya mechi ni kibarua wa saa chache. Mfagiaji mara nyingi si wa klabu, ni wa kampuni iliyoshinda zabuni ya usafi. Muuza chipsi ni wa kampuni ya vyakula. Kampuni hizo hushindana kwa bei, na anayetaka kushinda zabuni hupunguza pale panapopunguzika kwa urahisi, yaani kwenye ujira. Kwa hiyo klabu yaweza kusema, bila kusema uongo, kwamba watumishi wake wote wanalipwa vizuri, na huku wanaolipwa kidogo kuliko wote wamo ndani ya uwanja wake, wamevaa makoti yenye nembo yake.

Wapo watakaosema biashara ni biashara. Mfungaji wa mabao hapatikani kila mtaa, lakini mfagiaji akiondoka leo, kesho atapatikana mwingine. Ni kweli. Chanda chema huvikwa pete, na hatumwonei mchezaji wivu. Ila tupige hesabu. Tuchukue mfano wa klabu ya London yenye vibarua 1,000 wa siku ya mechi, kila mmoja akifanya kazi saa 6, kwa mechi 25 za nyumbani. Tofauti kati ya kima cha sheria cha 2025 na ule ujira wa London ni pauni 1 na senti 64 kwa saa. Kwa msimu mzima, kwa watu wote elfu moja, jumla ni pauni 246,000. Ni kama mshahara wa mchezaji mmoja nyota kwa wiki moja.

Na wapo waliokwisha kufanya hivyo. Chelsea ilikuwa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu kupata hati hiyo, Desemba 2014. Mwaka huo huo, huko Scotland, klabu ya Hearts ilichukua hatua hiyo ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye ufilisi na kushuka daraja. Everton ikafuata, na mwaka 2017 Liverpool ikatangaza kuwa italipa ujira huo hata kwa vibarua wa siku ya mechi. Lakini si klabu zote zilizofuata.

Aidha, mambo yanapokuwa magumu, mnyonge ndiye huguswa kwanza. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Liverpool hiyo hiyo iliwapeleka likizo watumishi wapatao 200 ili sehemu kubwa ya mishahara yao ilipwe na serikali. Kelele za mashabiki zilikuwa kubwa mno, na baada ya siku mbili klabu iliomba radhi na kubadili uamuzi. Februari 2025 Manchester United ilitangaza kupunguza nafasi nyingine za kazi kati ya 150 na 200, juu ya 250 za mwaka uliotangulia, pamoja na kufunga kantini ya watumishi pale Old Trafford. Hesabu za klabu za mwezi huo huo zilionyesha pauni milioni 14 na nusu zilizotumika kubadili kocha na mkurugenzi wa michezo.

Pengine utasema, ndugu msikilizaji, hayo ni ya Waingereza, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Julai 2017 Everton ilikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, ikiwa na jina la SportPesa kifuani, kampuni ya kubahatisha iliyoanzia Kenya. Shilingi za wabahatishaji wa Nairobi zilikuwa zimefika Liverpool. Na kila anayelipia king'amuzi ili aone ligi hiyo anachangia mfuko ule ule.

Tena viwanja tunavyo na sisi, na wapo wanaovifagia. Zabuni za usafi na ulinzi zipo hapa kama kule. Liverpool ilibadili uamuzi kwa siku mbili kwa sababu mashabiki waliuliza. Nasi tunapoisifu klabu yetu kwa kusajili mshambuliaji wa bei mbaya, tuulize pia: mama anayefagia jukwaa letu ameajiriwa na nani, na mkataba wake unasema nini? Tukiambiwa kwamba yule si wetu, ni wa kampuni, tuulize tena: kampuni hiyo imepewa kazi na nani?

Kwa wiki hii naishia hapo.