Kifo Kinamtisha Nani?

Katika nyumba nyingi za pwani, na kisiwa cha Mafia kimo, mama mtu mzima akishafika umri fulani hujinunulia sanda yake mwenyewe. Huikunja akaiweka chini kabisa ya sanduku, pamoja na udi, marashi, pamba na kifungu cha karafuu maiti, na mara mojamoja huitoa akaianika isije ikashika ukungu. Shoga zake wanajua ilipo. Anayeshtuka ni mtoto aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa akitafuta shuka akakumbana na bafta nyeupe.

"Mama, hii ya nini tena?"

"Yangu hiyo, mwanangu. Irudishe ulipoitoa." Naye hata ungo wa mchele haweki chini.

Mazungumzo ya namna hiyo yanaweza kusikika Ndagoni, Kilindoni au Chole, na kila ninapoyafikiria najiuliza: kati ya hao wawili, anayeogopa kifo ni yupi? Tumezoea kudhani ni mzee, kwa kuwa ndiye aliye karibu nacho. Watafiti wamelishughulikia swali hili kwa karibu nusu karne, na majibu yao hayampi raha kijana.

Mwaka 1977 Vern Bengtson na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Los Angeles, Marekani, kwa watu 1,269 wenye umri wa miaka 45 hadi 74: Wamarekani weusi, wenye asili ya Meksiko, na weupe. Waliosema wanaogopa kifo zaidi ni wa miaka 45 hadi 54. Waliokiogopa kidogo kuliko wote ni wa 65 hadi 74. Mtu akitulia kidogo ataona kwa nini. Mwenye miaka 48 ana watoto shuleni, ana mkopo wa SACCOS, nyumba yake imesimama kwenye linta, na wazazi wanamtazama yeye. Kifo kikija leo kitamkatiza katikati ya sentensi. Mwenye miaka 72 sentensi yake ameshaimaliza kwa sehemu kubwa, hata kama hakuipenda yote.

Lakini hiyo ni nusu ya maelezo tu. Nusu ya pili ilitoka kwa mwanamke aliyevunjika mguu. Laura Carstensen, ambaye leo ni profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Stanford, alipata ajali mbaya ya gari akiwa na miaka 21. Akalazwa miezi kadhaa, wodi moja na vikongwe waliovunjika mifupa. Baba yake akawa anamrekodia mihadhara ya saikolojia kwenye kanda ili asikae bure. Pale kitandani aliona jambo: yeye kijana, aliyeponea chupuchupu, ghafla alikuwa anajali vitu vilevile walivyojali wale bibi. Mambo makubwa ya mbele yalikuwa yamepungua uzito, na kilichobaki na uzito ni nani anakuja kumtazama.

Kutokana na hapo alijenga nadharia ambayo kwa lugha ya kawaida inasema hivi: umri wenyewe si hoja kubwa, hoja ni muda mtu anaouona mbele yake. Akiuona mrefu, atatafuta watu wapya, elimu mpya, ushindani. Akiuona mfupi, atachagua. Mvuvi mwenye siku nzima huhangaika na maji asiyoyajua. Jua likishainama huenda kwenye mwamba aliouzoea. Na si lazima awe mzee. Hong Kong ilipokaribia kurudishwa kwa China mwaka 1997, Carstensen na mwenzake Helene Fung waliona kwamba hata vijana wa pale walianza kupendelea kukaa na watu wao wa karibu, kama wafanyavyo wazee.

Kujaribu jambo hili katika maisha ya kila siku, timu ya Carstensen iliwapa watu 184, wa miaka 18 hadi 94, peja za mkononi. Kwa wiki nzima peja ililia mara tano kwa siku, wakati usiotabirika, na kila ilipolia mtu aliandika anajisikiaje dakika ile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Wazee hawakuwa na furaha hafifu kuliko vijana. Hasira, huzuni na wasiwasi viliwajia mara chache zaidi, vikapungua hadi kwenye miaka 60 hivi ndipo vikatulia, na vilipowajia havikukaa. Jambo moja zaidi lilijitokeza, na kwangu ndilo tamu kuliko yote: wazee walikuwa wepesi zaidi kubeba furaha na majonzi kwa wakati mmoja. Bibi anayecheka kwenye harusi ya mjukuu huku machozi yanamtoka kwa kumkumbuka marehemu mumewe hajachanganyikiwa. Moyo wake umejifunza kuweka vitu viwili mahali pamoja.

Sasa tuje karibu na nyumbani, Uganda, maana huko ndiko nadharia hii ilikotikiswa. Katika Hifadhi ya Kibale kuna kundi la sokwe la Kanyawara ambalo watafiti wamelifuatilia tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Alexandra Rosati, Zarin Machanda na wenzao walichambua saa 78,000 za uchunguzi, kuanzia mwaka 1995 hadi 2016, wakiwaangalia madume 21 wa miaka 15 hadi 58. Walitazama nani anakaa na nani, nani anamsafisha nani manyoya, nani anamtisha nani. Madume vijana walikuwa na urafiki mwingi wa upande mmoja: anamng'ang'ania mwenzake asiyemjali. Madume wazee walikaa peke yao zaidi, na walipokaa na wenzao walikaa na marafiki wanaopendana pande zote mbili. Ugomvi nao ulipungua. Utafiti ulitoka kwenye jarida la *Science* mwaka 2020.

Hakuna ushahidi kwamba sokwe anajua atakufa. Hahesabu miaka iliyobaki, hana wosia wala sanda sandukuni. Na bado uzee unampeleka kulekule unakompeleka babu wa Ndagoni: watu wachache, wa kweli, kelele kidogo. Kwa hiyo huenda utulivu wa uzeeni hautokani wote na kuutazama mwisho. Huenda sehemu yake ni ya zamani mno, imo mwilini, na huja kama mvi zinavyokuja. Mimi habari hii inanifariji. Hapa kwetu utulivu wa mzee husifiwa kama malipo ya hekima au ya uchamungu, na yule ambaye hakuwa mwenye hekima sana ujanani hubaki na hofu kwamba malipo hayo hayamhusu.

Turudi kwenye jambo linalogombanisha familia nyingi. Kijana yuko Mbagala au Temeke, ana vyumba viwili, umeme, bomba. Anampigia mama yake simu kila mwezi: "Mama, njoo ukae huku, hospitali ziko karibu." Mama anaitikia vizuri, anashukuru, anamwombea dua, na haji. Akija, wiki ya pili anaulizia boti ya Nyamisati kwenda Kilindoni. Mtoto anaona ukaidi. Ukiusoma kwa macho ya utafiti, mama anafanya hesabu iliyo sahihi: huko mjini atapewa vitu vingi na kunyang'anywa watu watano, yaani shoga yake wa kusuka naye ukili, jirani wa kumjulia hali alfajiri, mjukuu, shemeji, na yule anayejua sanda iko wapi. Simtetei kila mzee anayekataa kwenda hospitali. Shinikizo la damu haliponi kwa mazungumzo ya barazani. Lakini kumhamisha mtu kutoka kwenye watu wake kwa kuwa sisi ndio tunaoogopa, hapo tuwe tunajua dawa ile anaimeza nani.

Kwamba tunaoogopa ni sisi, kuna ushahidi mwingine. Mwaka 2017 Amelia Goranson na wenzake walikusanya maandishi ya wagonjwa wa saratani na wa ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaopoozesha misuli, watu waliokuwa wakiandika habari zao hadi mwisho wao. Wakawaomba watu wazima wenye afya wajifikirie wana ugonjwa wa kufisha na waandike. Maandishi ya kubuni yalikuwa na maneno mengi zaidi ya hofu na majonzi. Ya wagonjwa wenyewe yalikuwa na maneno mengi zaidi ya hisia njema, kama furaha na upendo, na kadiri kifo kilivyokaribia ndivyo maneno hayo yalivyoongezeka. Wakajaribu pia maneno ya mwisho ya wafungwa waliohukumiwa kifo huko Marekani. Mwelekeo ukawa uleule. Kifo cha kufikirika kinatisha kuliko kifo kilichofika mlangoni.

Kuna saa moja, hata hivyo, ambapo wazee wengi husema hofu huwatembelea: saa tisa za usiku. Usingizi umekatika, nyumba imelala, moyo unadunda. Kwa hili jibu zuri limetoka Tanzania. Karibu na Ziwa Eyasi, David Samson na wenzake, akiwemo mwanaakiolojia wetu Audax Mabulla, waliwavisha Wahadza 33 vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika zaidi ya saa 220 zilizopimwa, muda ambao watu wazima wote walikuwa usingizini kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Kwa wastani, wakati wowote wa usiku zaidi ya theluthi moja walikuwa macho au wamesinzia kidogo, na tofauti hiyo ilitokana sana na umri: wakubwa hulala mapema na kuamka mapema. Watafiti wakapendekeza kwamba kwa maelfu ya miaka babu na bibi walikuwa walinzi wa kambi, hata kama hakuna aliyewapanga zamu. Bibi anayekodoa macho usiku si lazima awe na ugonjwa, na si lazima iwe dalili kwamba ameitwa. Huenda anashika zamu ya zamani wakati simba wameshaondoka.

Je, dini? Pwani hatuwezi kuzungumzia mauti tukaiacha. Jonathan Jong na wenzake walikusanya tafiti zipatazo mia moja kutoka nchi mbalimbali na kuchapisha uchambuzi wao mwaka 2017. Zaidi ya nusu ya matokeo hayakuonyesha uhusiano wowote kati ya dini na hofu ya kifo. Katika baadhi ya tafiti kulionekana umbo la kilima: wenye imani thabiti wametulia, wasioamini kabisa wametulia, na wanaohangaika ni walio katikati. Nyingi ya tafiti hizo zilifanyika Marekani, Waislamu wakiwa wachache, kwa hiyo mtu asiende kumsomea imamu wa Ndagoni matokeo haya. Lakini wa katikati tunawajua, na huenda ni wengi kuliko wanavyokiri.

Nimeeleza mpaka hapa kana kwamba kila mzee ametulia. Siyo. Mwaka 1999 Barry Fortner na Robert Neimeyer walipitia tafiti za hofu ya kifo kwa wazee na wakakuta nani anabaki nayo: wenye maradhi mengi ya mwili, wenye msongo na sonona, na wasioridhika na maisha waliyoishi. Hilo la tatu lina kazi yake na halihitaji daktari. Mzee huhitaji kusimulia alikopita, kuomba radhi anayemdai radhi, kulipa deni la miaka thelathini la minazi mitano, kutamka wosia akasikilizwa pasipo watoto kumkatiza kwa "Mama, usiseme hivyo, utaishi sana." Tunadhani tunampa moyo, kumbe tunamfunga mdomo.

La kwanza, maradhi, hilo ni la serikali na la hospitali, na ndipo ninapokosa subira. Wazee wengi ukiwauliza vizuri watakwambia hawaogopi kufa. Wanaogopa kufa kwa maumivu, na kuwa mzigo. Utafiti wa Brigit Obrist na Peter van Eeuwijk katika Rufiji, ng'ambo tu ya mkondo kutoka Mafia, pamoja na Dar es Salaam na Zanzibar, umeonyesha kwamba matunzo ya wazee hubebwa na jamaa nyumbani, mara nyingi wanawake na wajukuu, na wakati mwingine mzee kwa mzee. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi pensheni, mwanzo shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hiyo haijengi nyumba, ila bibi haombi tena ya sabuni.

Na maumivu yana dawa. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, Kampala, na moyo wa kazi yake ulikuwa mofini ya maji ya kunywa: unga wa mofini, maji, kihifadhi, na rangi ili dozi zisichanganywe. Ni rahisi kutengeneza na bei yake ni ndogo. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni ili wauguzi na maofisa tabibu waliosomea huduma hiyo waweze kuiandika, maana vijijini daktari hayupo. Mgonjwa wa saratani akawa analala kwake, kwenye mkeka wake, akiongea na watu wake akili ikiwa timamu. Anayempigia mama yake simu Ndagoni mwezi huu anaweza kuliacha la kuhamia Mbagala, akamuuliza anaumwa wapi na usiku analalaje, kisha akapiga simu ya pili hospitali ya wilaya pale Kilindoni kuuliza dawa gani ya maumivu makali wanayo dirishani.