Mlango wa ndege ndogo: kiti kimoja kikiondolewa, faida huyumba

Wawekezaji wadogo wanaoingia katika biashara ya ndege za kukodi huuliza kwanza mambo matatu: bei ya ndege, saa zilizobaki kabla injini haijafunguliwa kwa matengenezo makubwa, na bei ya mafuta. Mlango hauulizwi. Mnunuzi huufungua, huufunga, akisikia umelia vizuri hupita.

Hata hivyo, yaliyotokea Kanada na Australia katika miaka ya karibuni yanaonyesha kuwa mlango unaweza kuamua ndege ipakie watu wangapi. Na katika ndege yenye viti 6, idadi ya watu ndiyo biashara yenyewe.

Ndege inayohusika zaidi ni Cessna 206, ambayo wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaifahamu vizuri. Ndiyo inayoonekana katika viwanja vya vumbi vya mbuga za wanyama, katika Uwanja wa Wilson mjini Nairobi, na katika safari za kuvuka bahari kwenda visiwani. Ilianza kutengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, utengenezaji ukasimama mwaka 1986, kisha ukaanza tena mwaka 1998. Kwa hiyo ndege nyingi za aina hii zilizoko sokoni zina umri wa miaka 40 au zaidi.

SHERIA INATAKA MAMBO MAWILI YANAYOPINGANA

Sheria za milango ya ndege ndogo hujaribu kuzuia hatari za aina mbili. Ya kwanza ni mlango kufunguka wakati usiotakiwa. Ya pili ni mlango kukataa kufunguka wakati unaotakiwa.

Hatari ya kwanza ndiyo inayowatisha abiria wengi, lakini katika ndege ndogo za kawaida si kubwa kama inavyodhaniwa. Ndege hizi hazijazwi hewa ya shinikizo ndani. Komeo likiachia angani, mlango husogea kidogo tu na upepo wa nje huuzuia usifunguke wote. Kelele huwa kubwa na karatasi huruka, lakini ndege huendelea kuruka. Kitabu cha mafunzo ya urubani cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kinaeleza kuwa mara nyingi hatari haitokani na mlango wenyewe bali na rubani anayeshtuka na kuacha kazi ya kurusha ndege ili aushughulikie.

Kwa ndege ndogo zenye hewa ya shinikizo hesabu ni nyingine. Katika Piper Malibu, kwa mfano, tofauti ya shinikizo kati ya ndani na nje hufika ratili 5.5 kwa kila inchi ya mraba. Hiyo ni sawa na karibu tani 3.9 zinazosukuma kila mita moja ya mraba ya mlango. Makomeo ya mlango wa namna hiyo hayana nafasi ya kukosea hata kidogo.

Hatari ya pili haina kelele, na huonekana baada ya ajali. Ndege imetua vibaya au imepinduka majini, watu ni wazima, lakini hawatoki.

Kwa muda mrefu sheria ya Marekani kwa ndege ndogo, inayojulikana kama Sehemu ya 23, iliyataka yote mawili kwa pamoja. Mlango uwe na njia ya kuufunga usifunguke angani kwa bahati mbaya, iwe ni kwa kuguswa na mtu, kusukumwa na mzigo au kuharibika kwa chombo. Wakati huohuo uweze kufunguliwa kutoka ndani na nje, hata gizani, kwa njia rahisi inayoonekana wazi, na usikwame kwa urahisi mwili wa ndege ukipinda.

Sharti la kufunguka kutoka nje lina maana kubwa kwa nchi zetu, ambako mwokoaji wa kwanza mara nyingi ni mwananchi wa karibu. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi wenye mitumbwi ndio waliofika kwanza. Watu 19 walifariki. Ile haikuwa ndege ndogo ya kukodi, lakini funzo ni moja: mtu asiyewahi kupanda ndege anaweza kujikuta ndiye anayetafuta mahali pa kushika ili afungue mlango.

MLANGO WA CESSNA 206 UNAVYOZUIWA

Katika Cessna 206 za kawaida, rubani ana mlango wake upande wa kushoto mbele. Upande wa kulia nyuma kuna mlango mpana wa vipande viwili, wa mbele na wa nyuma, uliowekwa ili mizigo mikubwa iingie. Wafanyabiashara waliupenda kwa sababu hiyo: asubuhi ndege inabeba watalii, mchana inabeba makreti.

Tatizo liko kwenye flapu, yaani vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege ipunguze mwendo wakati wa kutua. Flapu zikiwa zimeshushwa, kipande cha mbele cha mlango hugonga flapu na kufunguka sentimita chache tu. Abiria anayetaka kutoka anapaswa kukisukuma kipande hicho kadiri kinavyokwenda, kisha atafute kishikio cha kipande cha nyuma, ambacho kiko ukingoni na hufichwa na kipande cha mbele kikiwa kimefungwa, akizungushe, ndipo asukume.

Ukiwa ardhini, mchana, umetulia, kazi hiyo inawezekana. Ndani ya ndege iliyopinduka majini, kichwa chini, hakuna mwanga, ni jambo jingine kabisa. Aidha, kuna swichi inayokata umeme wa flapu mlango wa mbele ukiwa wazi, ili flapu zisiharibu mlango. Hivyo mlango ukishafunguka hata kidogo, flapu hazipandi tena.

Agosti 16, 2018, Cessna 206 ya maboya iliyobeba watalii ilipinduka ilipokuwa inatua katika Ziwa Little Doctor, kaskazini mwa Kanada. Flapu zilikuwa zimeshushwa. Abiria 3 walikufa maji.

Mwaka 2020 serikali ya Kanada ilitoa agizo la usalama kwa ndege za aina hiyo zilizosajiliwa nchini humo, likipunguza idadi ya watu wanaoruhusiwa kupakiwa ili wanaobaki waweze kuufikia mlango. Australia nayo, baada ya Cessna 206 kulazimika kutua baharini karibu na Kisiwa cha Fraser Januari 2020, wachunguzi wake wa ajali waliwatahadharisha wenye ndege kuhusu mlango huohuo.

Kanada ilikuwa na kumbukumbu nyingine chungu. Novemba 29, 2009, ndege aina ya Beaver yenye watu 8 ilianguka majini karibu na Kisiwa cha Saturna, magharibi mwa nchi hiyo. Milango 2 kati ya 4 ilikwama. Watu 6 walifariki. Mwaka 2011 wachunguzi walipendekeza ndege zote za majini za biashara, mpya na za zamani, ziwekewe milango na madirisha yanayofunguka haraka, na abiria wavae maboya ya kujiokolea. Sharti la maboya liliingia katika kanuni mwaka 2019. Kuzifumua ndege za zamani ili ziwekewe milango mipya ni jambo lililokuwa gumu zaidi kulazimisha.

KWA NINI MLANGO WA ZAMANI HUBAKI

Mfanyabiashara anaweza kuuliza: kama kasoro inajulikana, kwa nini mlango haubadilishwi?

Jibu liko katika utaratibu wa vyeti. Ndege hupimwa kwa sheria iliyokuwapo siku aina yake ilipoombewa cheti. Cessna 206 za mwanzo zilipimwa kwa kanuni za Marekani zilizotangulia Sehemu ya 23. Kanuni hizo zilitaka ndege inayobeba watu zaidi ya 5 iwe na njia ya dharura iliyo wazi, isiyozuiwa na kitu na isiyohitaji wepesi wa ajabu kuipita. Sheria mpya ikija haifumui ndege za zamani. Chombo cha kawaida cha kuzilazimisha ni agizo la usalama, na kabla ya kulitoa mamlaka hupima gharama kwa wenye ndege wote. Kupunguza kiti ni amri ya siku moja. Kukata mwili wa ndege ili kuweka mlango mwingine ni kazi ya michoro, majaribio na fedha nyingi.

Kusubiri ndege mpya pekee hakumalizi suala hili. Sehemu ya 23 iliandikwa upya na kuanza kutumika Agosti 30, 2017. Badala ya vipimo vingi vya kila kitu, sasa inataja matokeo yanayotakiwa na kumwachia mtengenezaji aonyeshe atakavyoyafikia. Bado inataka milango ionekane na ifunguke kwa urahisi kutoka ndani na nje. Lakini sharti la watu kutoka haraka na salama baada ya kutua kwa dharura linaacha nje kutua majini kwa ndege zenye abiria 6 au chini ya hapo. Anayenunua ndege ya kuvuka bahari ni vizuri alijue hilo.

Jambo la tatu ni mipaka. Kwa taratibu za kimataifa za usafiri wa anga, nchi ilikosajiliwa ndege inatakiwa kushughulikia maagizo ya lazima yanayotoka nchi iliyobuni ndege hiyo. Kwa Cessna, nchi hiyo ni Marekani. Agizo la Kanada haliifungi moja kwa moja ndege yenye namba za 5H ya Tanzania au 5Y ya Kenya. Lakini mamlaka ya nchi yoyote inaweza kutoa agizo kama hilo kwa ndege zake wakati wowote.

HESABU YA KITI KIMOJA

Huu ni mfano wa kufikirika wa kuonyesha uzito wa jambo hili, na kila mfanyabiashara aweke namba zake. Ndege ina viti 6, kimoja cha rubani, hivyo 5 vinauzwa. Kiti ni dola 100 kwa safari. Ndege inafanya safari 500 kwa mwaka ikiwa imejaa. Mapato ni dola 250,000. Mafuta, rubani, matengenezo, bima na ada za viwanja ni dola 180,000. Faida ni dola 70,000.

Kiti kimoja kikiondolewa, mapato yanashuka hadi dola 200,000. Gharama hazishuki, kwani rubani ni yuleyule na injini ni ileile. Faida inabaki dola 20,000. Mapato yamepungua kwa asilimia 20 tu, lakini faida imepungua kwa zaidi ya asilimia 70. Aliyekopa benki kwa hesabu ya viti 5 atakuwa na kazi ngumu kulipa kwa viti 4.

Kuna mambo mawili yanayopunguza makali hayo. Kwanza, Cessna 206 yenye mafuta ya kutosha na mizigo ya watalii mara nyingi haiwezi kubeba watu wazima 6 kwa sababu ya uzito, hivyo kiti cha mwisho huenda tayari hakiuzwi. Pili, anayekodisha ndege nzima kwa bei moja hupoteza kidogo kuliko anayeuza kiti kimoja kimoja.

YA KUANGALIA KABLA YA KUTOA FEDHA

Mnunuzi aombe daftari la maagizo ya usalama ya ndege husika, si maneno ya dalali. Fundi mwenye leseni aonyeshe agizo moja baada ya jingine na tarehe lilipotekelezwa.

Mlango wa nyuma ujaribiwe ndege ikiwa imesimama na injini imezimwa. Flapu zishushwe kwanza mlango ukiwa umefungwa, kisha mtu aketi kiti cha nyuma kabisa na ajaribu kutoka bila kuelekezwa. Akishindwa, abiria wa kulipa naye atashindwa. Maandishi ya kuelekeza kufungua mlango yawepo na yasomeke. Ndege nyingi za zamani yamefutika kwa jua au kufunikwa na rangi mpya.

Anayeendesha ndege tayari ahakikishe rubani anawaonyesha abiria mlango huo kwa mkono kabla ya kuruka, hasa safari ikipita juu ya maji. Kazi hiyo haizidi dakika mbili na haina gharama.

Mkataba wa bima usomwe kuhusu idadi ya abiria na safari za juu ya maji. Mwisho, hesabu ya mkopo ifanywe mara mbili, ya viti 5 na ya viti 4. Biashara inayosimama kwa viti 4 inaweza kuhimili agizo likija. Ile inayosimama kwa kiti cha tano pekee inategemea mlango ambao Kanada imekwisha kuutilia shaka, na bei ya kununulia ndege hiyo inapaswa kupungua kwa kiasi hicho.